Sola ya kituo cha msituni: shajara ya mradi, Januari hadi Agosti

Kituo chenyewe ni banda la vyumba vitatu ndani ya msitu, mwendo wa saa nne kwa miguu kutoka pale gari linapoishia. Watu wawili hadi wanne hukaa humo wakifuatilia wanyama na mvua. Umeme wao ulikuwa jenereta ndogo, na kila lita ya mafuta ilifika mgongoni mwa mtu. Naandika hatua kwa hatua ili anayetaka kuunda mfumo kama huu mahali kusikofikika ajue tulipopita. Hatua za kawaida nitazitaja kwa kifupi. Gharama naziweka kwa asilimia ya fedha zote zilizotumika, maana bei za vifaa hazikai mahali pamoja.

12 Januari: orodha ya mzigo

Jioni nzima nimekaa na wakazi wa kituo nikiwauliza jambo moja tu: kila kifaa kinawaka saa ngapi kwa siku? Wati ukizizidisha kwa saa unapata wati-saa, na hizo ndizo zinazoamua mengine yote.

Taa 5 za LED, wati 7 kila moja, saa 5: 175
Ruta ya intaneti, wati 9, saa 24: 216
Kompyuta mpakato 2, jumla wati 90, saa 4: 360
Simu, tochi na redio ya mawasiliano: 60
Friji ndogo, wati 65, kompresa nimeikadiria saa 8: 520
Pampu ya maji, wati 180, saa 1: 180
Jumla kwa siku: wati-saa 1,511

Angalia ruta. Wati 9 ni kitu kidogo, lakini kwa kuwa hailali inakula kuliko taa zote tano. Katika mfumo wa jua, kifaa kidogo kinachowaka usiku na mchana ndicho cha kutazamwa kwanza. Setilaiti Vanguard 1, iliyorushwa Machi 1958, inatufundisha jambo hilohilo kutoka upande wa pili: betri yake ya kemikali iliisha mwaka huohuo, ila redio yake ndogo iliyolishwa na seli za jua iliendelea kutuma ishara hadi 1964. Hakukuwa na fundi wa kuifikia. Mzigo mdogo sana ndio ulioiwezesha.

20 Januari: jua tulilonalo

Paneli ya wati 200 hutoa wati 200 maabara: mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba, seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Kwa hiyo jua la siku nzima hugeuzwa kuwa idadi ya saa za mwanga wa kiwango hicho, yaani saa za jua kamili. Takwimu za karibu kila mahali hupatikana bure kwenye PVGIS ya Tume ya Ulaya na Global Solar Atlas ya Benki ya Dunia. Kwetu wastani wa mwaka ni saa 4.9. Julai, mwezi wa mawingu, ni 3.6.

Nilichukua 4.9. Nikaweka robo ya upotevu na kupata 1,511 ÷ (4.9 × 0.75), yaani wati 411. Paneli mbili za wati 200, nikaridhika. Nimeliacha kosa hili lionekane hapa kwa sababu hesabu yenyewe haikuwa na dosari, ila namba niliyoianzia haikuwa yake. Hakuna mtu anayeishi ndani ya wastani wa mwaka. Julai ikifika, ni Julai.

24 Februari: awamu ya kwanza imesimama

Paneli mbili zilizounganishwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) juu ya fremu ya chuma, mwinamo nyuzi 15. Kanuni ya kawaida ni kuzielekeza upande wa ikweta na kuziinamisha kadiri ya latitudo ya mahali. Karibu na ikweta bado zinahitaji kama nyuzi 10 ili mvua izioshe na maji yasituame. Waya wa mm² 4, urefu wa mita 22 kutoka uwazi wa msitu hadi bandani. Kontrola, kifaa kinachosimamia uchaji wa betri, ya aina ya PWM. Betri nne za risasi za volti 12, Ah (ampea-saa) 100 kila moja, sambamba: mbili mpya, mbili zilizotumika tulizopewa na kituo kingine. Inveta ya wati 1,000, inayogeuza umeme wa betri kuwa umeme kama wa nyumbani. Kazi imechukua siku mbili, na taa zimewaka.

28 Februari: giza

Usiku wa nne, saa kumi alfajiri, kontrola imekata kila kitu. Jua lilikuwa zuri siku zote hizo. Kwenye karatasi betri zilikuwa na wati-saa 4,800, na hata kwa kutumia nusu tu, kama inavyotakiwa kwa betri za risasi, tulipaswa kuwa na akiba ya siku moja na nusu.

1 hadi 5 Machi: kupima badala ya kubahatisha

Siku tano nimeshinda na mita mkononi, na ndizo siku zenye faida kubwa kuliko zote katika mradi huu. Makosa yalikuwa manne na kila moja lilikuwa linalificha jingine.

La kwanza, waya. Saa sita mchana, anga jeupe, mgongo wa paneli ukiwa nyuzi 63, nilipima volti 16.8 kwenye paneli na 13.4 kwenye kontrola. Volti 3.4 zimeishia njiani. Mkondo ulikuwa ampea 17.5, na ukinzani wa waya unapatikana hivi: mara mbili ya urefu (kwenda na kurudi), mara 0.0175 (ukinzani wa mita moja ya shaba yenye mm² 1), gawanya kwa unene: 2 × 22 × 0.0175 ÷ 4 = omu 0.19. Ukizidisha kwa 17.5 unapata zile 3.4 zilizopotea. Wati 59 zilikuwa zinapasha waya joto mchana kutwa.

La pili, joto na PWM kwa pamoja. Seli za silikoni hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja juu ya 25, na sehemu kubwa ya hasara hiyo ni volti. Paneli yangu hufanya kazi vizuri kwenye volti 19 ikiwa baridi. Kwenye nyuzi 63 inabaki kama 16. Toa 3.4 za waya, na betri ya risasi inayotaka volti 14.4 ili ijae haitafikishwa. Kontrola ya PWM haina namna ya kupandisha wala kubadilisha volti, inaunganisha paneli na betri moja kwa moja kwa kuwasha na kuzima. Kati ya wati 400 za kwenye lebo, zilizoingia betri saa sita mchana zilikuwa 229.

La tatu, betri kuukuu. Nilizitenganisha zote, nikazichaji moja moja, kisha nikazitoa chaji kwa ampea 5 hadi volti 10.5. Mpya zilidumu saa 18 kila moja. Zilizotumika zilidumu saa 7. Sambamba na wenzake, betri iliyochoka huvuta chaji ya nzima na kuzeeka nazo. Lebo ilisema Ah 400, ukweli ulikuwa 250. Tena betri ya risasi isiyojazwa siku hadi siku huota salfati kwenye sahani zake, na mpya zangu zilikuwa zimeshaanza safari hiyo. Ukipewa betri kuukuu, zipime kabla ya kuziunganisha na kitu chochote.

La nne lilikuwa ndani ya orodha yangu ya Januari. Friji nilipoiwekea mita ya nishati ilikula wati-saa 790 kwa siku, si 520. Na inveta, ambayo sikuiandika kabisa, inakula wati 14 ikiwa haifanyi lolote. Kwa saa 24 ni wati-saa 336, zaidi ya ruta. Ilikuwa inaachwa ikiwaka usiku kucha ili kuilisha ruta hiyohiyo kupitia adapta yake. Matumizi halisi yalikuwa karibu 2,180, mavuno kama 1,250. Hakuna betri inayoziba pengo la namna hiyo.

15 Machi: kupunguza kabla ya kuongeza

Kabla ya kununua kitu nimegusa mzigo kwanza. Friji ilikuwa imebanwa kwenye ukuta unaopigwa na jua la jioni. Nimeihamishia upande wa kivulini na kuacha sentimita 15 nyuma yake ili hewa ipite. Baada ya wiki moja ya kupima imeshuka hadi 610. Ruta na taa nimezitoa kwenye inveta, sasa zinalishwa volti 12 za DC, umeme wa betri wenyewe, moja kwa moja kama friji na pampu. Inveta inawashwa saa nne tu, wakati wa kompyuta.

Hesabu mpya, ikiwemo hasara ya inveta kwa kompyuta (360 ÷ 0.85 = 424) na saa zake nne za kuwaka: 1,720 kwa siku. Tumeokoa wati-saa 460 kwa kusogeza friji na kubadilisha nyaya chache. Kuzipata hizo kwa paneli Julai kungehitaji karibu wati 200 zaidi, na betri ya kuzitunza juu yake. Mtu akiniuliza aanzie wapi, jibu langu ni hapa.

28 Machi: mchoro mpya

Safari hii nimeanza na Julai: 1,720 ÷ (3.6 × 0.65) = wati 735. Namba 0.65 inabeba joto, vumbi, waya, kontrola na betri, na baada ya niliyoyaona Machi sioni sababu ya kuwa mkarimu kuliko hapo. Paneli nne, wati 800. Kuhusu mwinamo, nilifikiri kuubadilisha kwa ajili ya Julai kisha nikaacha: mawingu yakitanda, mwanga hutoka anga zima, na nyuzi chache huku au kule hazina uzito.

Betri ni moja ya lithiamu ya chuma na fosfati (LiFePO4), volti 25.6, Ah 200, yaani wati-saa 5,120. Nikitumia asilimia 80 napata 4,096, akiba ya siku mbili na kidogo. Aina hii haipaswi kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri. Asubuhi ya baridi kuliko zote iliyorekodiwa hapa ilikuwa nyuzi 4, kwa hiyo tunapita. Kwenye baridi kali zaidi ningefikiri upya.

Mfumo umepanda kutoka volti 12 hadi 24. Kontrola ni ya MPPT, ambayo inaacha paneli zifanye kazi kwenye volti zake bora kisha inazishusha kwenda kwenye betri bila kutupa nguvu nyingi. Hilo limenipa nafasi ya kupanga paneli zote nne mfululizo (chanya ya moja kwenye hasi ya inayofuata): volti 76, ampea 10.5. Nilikuwa nimeshaandika waya mpya wa mm² 16 kwenye orodha ya manunuzi, nikarudia hesabu: 10.5 × 0.19 ni volti 2, na 2 kati ya 76 ni chini ya asilimia 3. Waya uleule wa mm² 4 ulioniangusha Februari unatosha kabisa, ingawa unabeba paneli mara mbili. Hasara ya waya hufuata mraba wa mkondo. Pandisha volti, na shaba inakuwa nafuu.

Tahadhari moja. Paneli ikiwa baridi volti zake hupanda. Volti za wazi, pasipo mzigo, ni 22.8 kwa kila paneli, 91.2 kwa nne. Kwenye nyuzi 4 ongeza kama asilimia 6, unafika 97. Nilikuwa nakaribia kununua kontrola yenye ukomo wa volti 100. 97 iko karibu mno na ukomo huo: jua la kwanza la asubuhi ya baridi likipiga paneli, hapo ndipo volti zinaweza kuuvuka na kuiunguza kontrola. Nimechukua ya volti 150.

19 Aprili: usimikaji, na swichi iliyowaka

Fremu, paneli, nguzo ya ardhi na kinga ya radi vimekwenda bila shida. Shida imetokea kwenye breka. Ile niliyoweka kati ya paneli na kontrola ilikuwa ya AC, ya nyumbani, kwa sababu namba yake ya ampea ilifaa. Nilipoizima jua likiwa kali imetoa mlio wa kukwaruza, mwanga wa samawati ukaonekana kwenye upenyo wake, na harufu ya plastiki ikajaa. Nimekimbia kufunika paneli kwa turubai. Ndani nimekuta ncha zake zimekuwa nyeusi na pembe moja imeyeyuka.

Sababu yake kila mwenye mpango wa kufanya kazi hii aielewe kabla hajashika waya. Mkondo wa AC wa hezi 50 hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na cheche inayozaliwa ncha zikiachana hufa yenyewe. Wa DC haupiti sifuri hata mara moja. Cheche ikishajinyoosha hewani inaendelea kuwaka muda wote jua linaposukuma. Nimeweka breka ya DC ya volti 250, na nimesoma alama zake mara mbili, maana baadhi zina upande wa chanya na hasi na zikigeuzwa haziwezi kuizima cheche.

Upande wa betri nimeweka fyuzi ya ampea 80, sentimita 15 kutoka kwenye ncha ya chanya, kabla waya haujafika popote. Inveta ikifanya kazi kwa nguvu zote inavuta kama ampea 49. Ongeza robo, unafika 61, na 80 ndiyo fyuzi inayofuata niliyokuwa nayo ambayo waya wa mm² 25 unaimudu. Fyuzi hiyo iwe ya DC na iwe na uwezo wa kukata mkondo mkubwa, kwa kuwa lithiamu ikigusanishwa inaweza kumwaga maelfu ya ampea.

27 Aprili: betri inajizima

Kila nilipounganisha inveta, betri ilijifunga. Nilidhani ni mbovu. Kumbe ndani ya inveta kuna kapasita (vihifadhi chaji) kubwa tupu, na zikigusa betri zinajaa kwa mpigo mmoja ambao BMS, ubao wa ulinzi ndani ya betri, inauona kama shoti. Dawa: rezista (kipande cha kupunguza mkondo) ya omu 30 ishikwe kati ya ncha ya betri na waya wa inveta kwa sekunde tano, kapasita zijae polepole, kisha ndipo waya ufungwe. Rezista hiyo sasa inaning'inia kwa uzi kando ya betri na maelezo yake.

11 Mei: kivuli cha mlingoti

Mavuno ya asubuhi yalikuwa madogo kuliko hesabu. Nimekaa mbele ya paneli tangu alfajiri, na kati ya saa mbili na saa nne kivuli cha mlingoti wa antena, chembamba kama mkono, kinakatiza paneli mbili kwa mshazari. Seli zimefungwa mfululizo kama pingili za mnyororo, ile iliyo kivulini inazibana zote. Kila paneli yangu ina diodi mbili za kukwepesha mkondo, kila moja inalinda seli 18, kwa hiyo kivuli kikigusa nusu ya paneli nusu hiyo yote hutoka kazini. Kilikuwa kinagusa nusu tatu kati ya nane. Wati 410 zilikuwa zimebaki 255.

Nilijaribu kusogeza fremu, nikaona itaangukia kivuli cha miti saa za jioni. Tumehamisha mlingoti wenyewe mita sita upande wa pili wa banda. Kazi ya siku moja, gharama hakuna. Uwazi ule niliupima saa sita mchana tu, wakati kivuli ni kifupi. Ilinipasa kuutazama kuanzia jua linapochomoza hadi linapozama.

2 Agosti: Julai imepita

Siku mbaya kuliko zote ilitoa wati-saa 540. Siku tatu mfululizo, 540, 820 na 760, zilishusha betri kutoka asilimia 96 hadi 37. Kisha anga likafunguka, na ndani ya siku nne ikajaa. Taa hazikuzimika hata usiku mmoja, na jenereta haijawashwa tangu Aprili.

Onyo kwa anayesoma mavuno kwenye kioo cha kontrola: betri ikijaa saa tano asubuhi, kontrola inalizuia jua lililobaki wala haliandiki. Namba ndogo siku ya jua kali haina maana kwamba paneli ni dhaifu. Ndiyo maana tumewaomba wakazi waendeshe pampu ya maji kuanzia saa tano. Umeme ambao ungepotea sasa unajaza tangi.

9 Agosti: gharama na kilichobaki

Betri ya lithiamu asilimia 40. Paneli 17. Nyaya, breka, fyuzi na kinga ya radi 9. Kontrola 8. Inveta 7. Fremu 5. Asilimia 14 zilizosalia ndizo zilizokwenda kwenye vitu tulivyoviondoa: kontrola ya PWM, betri mbili mpya za risasi, breka ya AC. Betri zile mbili zimewekwa kwenye redio ya dharura.

Kwenye sanduku la akiba pale kituoni nimeacha fyuzi mbili, breka moja ya DC, jozi nne za viunganishi vya paneli, kigeuzi cha volti 24 kwenda 12, na mita. Mchoro wa nyaya umebandikwa ukutani ndani ya plastiki, na chini yake mpangilio wa kuzima: inveta kwanza, kisha breka ya paneli, betri mwisho. Wakazi wawili wameufuata mbele yangu wakiwa wamefumba macho, maana siku utakapohitajika huenda ukawa usiku. Matundu ya nyaya kwenye kisanduku cha paneli bado hayajazibwa vizuri na sisimizi wameanza kuingia. Vizibo vya mpira vinapanda na mbebaji wa wiki ijayo.